Mrejesho: siku tatu Rutamba na mtoto wa miaka miwili

Wapendwa, niliwauliza nitampikia nini mwanangu tukipiga kambi kando ya Ziwa Rutamba, Lindi, bila umeme wala friji. Tumerudi jana, wazima.

Korosho za kukaanga nilizitwanga nyumbani, nikawa namchanganyia kwenye uji. Alimaliza kikombe, akadai kingine. Asanteni sana kwa hilo.

Moto ndio ulionitesa. Upepo wa kusi ulipuliza majivu hadi kwenye wali, tukala hivyo hivyo. Kesho yake mzee mmoja mvuvi akaniambia, "Mama, chimba shimo, mafiga yakae humo." Mkaa ukatulia.

Aliyenishauri nichore mstari mchangani mtoto asiuvuke, nadhani hajalea! Kilichosaidia ni kumpa kisufuria chake na mwiko, "apike" mchanga mbali na jiko. Perege wa nazi nilimchambulia miiba kwa vidole, kwa mwanga wa tochi. Maji ya kunywa nilichemsha usiku, yakapoa hadi asubuhi.

Mkaa uliobaki nimemwachia yule mzee. Kisufuria tumekisahau huko, na mwenyewe bado anakililia.