Tupeane uzoefu: mliotoka Arusha na Moshi kwenda kisiwa kilichotulia kwa siku chache, mlipangaje?

Mzee wa Kiboriloni

Wakuu, salaam. Mimi na mama watoto tumeamua mwaka huu pesa ya likizo isiishie kwenye michango ya harusi. Tunataka kushuka pwani siku chache, wikiendi iliyounganishwa na sikukuu au wiki moja ikizidi sana. Ila si Nungwi wala Kendwa za Unguja, muziki wa usiku kucha tunao hapa hapa Moshi mjini. Tunataka kisiwa ambacho watu wanaendelea na maisha yao: magofu, majahazi, wazee wa kupiga nao stori, chakula cha nyumbani, na usingizi. Kwenye karatasi nimeandika Pemba, Mafia upande wa Chole, na Kilwa Kisiwani. Mama watoto anataka tuunganishe viwili.

Aliyefika aseme alipitia wapi, msimu gani, na angemwambia nini mtu wa mlimani asiyejua hata maji yanajaa saa ngapi. Bei za vyumba tutaulizia wenyewe.

Pilipili Mbuzi

Nenda Nungwi tu mangi, ukaote jua. Magofu yana nini cha kumtoa mtu Kiboriloni?

Dada wa Kiusa

Huyo hapo juu mpiteni. Mimi Pemba nilikwenda kwa mwaliko, shoga yangu wa chuo kwao ni jirani na Chake Chake na kaka yake alikuwa anaoa. Basi mpaka Dar, nikalala, asubuhi boti ya Unguja ambayo ni kama saa mbili, halafu usiku meli ya kwenda Mkoani, bandari ya Pemba. Meli ya usiku ni ya taratibu lakini inakuokolea hela ya chumba, unafika kumekucha na siku nzima iko mbele yako. Kuna meli zinazogusa Tanga na Pemba pia, na kwa mtu wa Moshi Tanga ni karibu kuliko Dar. Tatizo haziendi kila siku, kwa hiyo pigeni simu kabla hamjakata tiketi ya basi.

Nilikuta msimu wa karafuu. Mbele ya kila nyumba kumetandikwa majamvi, karafuu zimeanikwa, harufu inakufuata mpaka ndani ya daladala. Zinachumwa kabla ua halijafunguka, likifunguka thamani imekwisha. Jioni familia nzima inakaa chini kuchambua, karafuu huku, makonyo kule. Nilikaa nao nikachambua, vidole vikawa vyeusi, na hapo ndipo bibi mmoja akaanza kunihadithia habari za Mkama Ndume, mtawala wao wa zamani, bila mimi kumuuliza. Ningekwenda na ratiba yangu ya kukimbizana na vivutio, yule bibi nisingempata.

Kesho yake tukaenda Pujini kwenyewe, kwenye ngome ya huyo Mkama Ndume, ya karne ya 15. Sitakudanganya, kilichobaki ni kuta chache na vichaka, na anayekwenda peke yake atapiga picha mbili arudi. Sisi tulikuwa na mzee wa kijiji. Akatuonyesha kisima chenye ukuta katikati. Anasema mtawala alikuwa na wake wawili wasiopikika chungu kimoja: mmoja akishuka kwa ngazi, mwenzake akiteka kutoka juu kwa kamba na ndoo, ili wasionane. Tulicheka mpaka mzee akakaa chini.

Ukipata nusu siku pita Kidike ukaone popo wa Pemba, wale wakubwa wasiopatikana kwingine duniani. Zamani waliwindwa kwa kitoweo mpaka wakakaribia kwisha, na wanakijiji wenyewe ndio waliowalinda wakaongezeka tena.

Mavazi: dada, chukua kanga za kutosha na gauni refu. Kaptula ziache Moshi, na baba pia. Bia usiihesabu kabisa. Na karafuu usijaze begi ukidhani unapeleka zawadi nyumbani. Karafuu za mkulima mnunuzi wake ni shirika la serikali, ZSTC, na kuzisafirisha kinyemela ni kesi.

Pilipili Mbuzi

Hakuna bia? Mimi nimeshamaliza kuchangia uzi huu.

Turubai la Njiro

Mzee wa Kiboriloni, kabla ya kisiwa chagua mwezi. Mimi ni dereva wa utalii hapa Arusha. Sisi nafasi tunaipata Aprili na Mei wageni wakikauka, na ndiyo miezi ambayo wenzangu wengi hukimbilia pwani kwa sababu vyumba vimeshuka bei. Vimeshuka kwa sababu! Masika inamwaga, kaskazi (upepo wa kaskazini) imekwisha na kusi (upepo wa kusini) ndiyo inaingia, bahari haijulikani imeamkaje. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua upande wa Mafia, na mvua zake zikakata barabara ya kusini kule Kilwa, magari yakalala njiani. Juni mpaka Agosti kusi limeshika. Hali ya hewa ni nzuri kwa kutembea, lakini kwenye boti ndogo utaloa mpaka kwenye soksi. Mimi naipenda Oktoba mpaka Februari. Novemba kuna vuli, ila mara nyingi inapiga na kuachia.

Mafia nilikwenda Novemba. Ukitokea Dar unapanda gari Mbagala Rangi Tatu mpaka Nyamisati, wilaya ya Kibiti, kisha chombo cha kwenda Kilindoni. Chombo kinateremka kwanza kati ya mikoko ya delta ya Rufiji, pametulia kabisa, ndipo kinatokea bahari kubwa. Abiria wengi ni watu wanaorudi kwao na magunia yao, na nusu ya ninayoyajua kuhusu Mafia niliambiwa humo ndani. Ndege ndogo zipo kutoka Dar kwa mwenye uwezo.

Upande wa Utende na Chole ni ndani ya hifadhi ya bahari, ya kwanza nchini, ilianzishwa 1995. Kuna kiingilio cha kila siku na Mtanzania analipa chini sana ya mgeni, kwa hiyo kitambulisho cha NIDA kiwe mfukoni, si kwenye begi kubwa. Kutoka Utende unavuka kwa mashua. Chole unaizunguka kwa miguu. Kuna mabaki ya majengo ya Wajerumani, maana hapo ndipo palikuwa makao yao kabla hawajahamia Kilindoni mwaka 1913, na mizizi ya miti imezikumbatia kuta. Mafundi wanaunda majahazi kwa macho na mkono, bila mchoro. Niliomba kukaa kivulini kwa fundi mmoja, nikakaa mpaka adhuhuri. Kina mama wanasuka mikeka ya ukili, ukinunua nunua kwa aliyesuka.

Jirani ni Juani, kwenye magofu ya Kua, mji ulioshambuliwa na Wasakalava kutoka Madagaska karne ya 19 ukahamwa. Huko huendi saa unayotaka wewe, unakwenda saa maji yanayotaka. Hii ndiyo sisi wa bara hutupiga chenga, kwa hiyo niieleze. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, yanajaa sana na kupwa sana. Siku hizo, pwani yetu, yamekupwa saa nne asubuhi hivi na yanajaa kwenye saa kumi jioni. Ukiweka safari ya mashua saa nne ya bamvua, utaburuta mashua kwenye matope wewe na nahodha wako. Tazama kalenda ya mwezi kabla hujaomba likizo.

Papa potwe, wale papa wakubwa wapole, wapo karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi. Si utamaduni, lakini mama watoto atafurahi.

Sakina Raundi

Naongezea la watoto, kama mnao wadogo. Kichefuchefu cha boti si mchezo. Dawa inamezwa kabla ya kupanda, si baada ya kuanza kutapika. Kaeni chini katikati ya chombo, msiende na tumbo tupu wala supu ya mbuzi. Kwenda kulikuwa shwari, kurudi mwanangu alimtapikia baba mmoja kanzu nyeupe. Yule baba akasema "pole, mtoto huyo", akaenda kunawa. Nisingepata msamaha huo kwenye basi la Arusha.

Ndege zipo kutoka Kisongo (uwanja wa Arusha) na KIA kwenda Unguja. Kwa wawili mnaokwenda siku chache, pigeni hesabu ya siku mbili za basi kwenda na kurudi mlinganishe. Kwa sisi familia ya watu wengi haikuwezekana.

Ticha Ngarenaro

Kilwa Kisiwani hakijapata wakili, ngoja nijaribu. Nafundisha historia, na darasani Kilwa ni aya mbili na ramani. Kule nilisimama ndani ya Msikiti Mkuu, kuba na matao ya mawe ya matumbawe, nikashindwa kusema kitu. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu mji. Juu ya mwamba kuna Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane linalotazama bahari. Dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, ilipita mikononi mwa watu wa Kilwa. Sarafu zao za shaba ziliokotwa mpaka kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia mwaka 1944, na mpaka leo watu wanabishana zilifikaje. Wareno walikuja 1505 wakapora. UNESCO waliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, wakauingiza kwenye orodha ya hatari 2004, wakautoa 2014.

Lakini kilichonifanya nirudi tena si mawe. Watu wanaishi pale pale. Nyumba zao zimekaa kati ya magofu, wanavua, wanalima, watoto wanacheza mpira karibu na msikiti wa kale. Mwongozaji anatoka kijijini na stori anazokupa ni za babu zake. Omba ruhusa kabla ya kuelekeza kamera kwa mtu, hasa kina mama.

Njia: Dar mpaka Kilwa Masoko ni zaidi ya kilomita 300. Mabasi ya Arusha na Moshi yanakushusha Mbezi, ya Kilwa yanaanzia Mbagala. Ni kona mbili za jiji, na kwa foleni ya Dar usijidai utaunganisha siku hiyo hiyo. Laleni Mbagala, mwondoke alfajiri. Masoko mnachukua kwanza kibali cha kuingia magofuni, kisha mnavuka mkono wa bahari wa kama kilomita mbili. Ukikuta jahazi linalobeba wanakijiji na upepo ni mzuri, panda hilo, ndiyo Kilwa yenyewe.

Kuhusu kuunganisha viwili, shemeji anisamehe: hapana. Hata Songo Mnara, ambako ni jirani, kunataka siku yake. Kutoka huku kwetu njia peke yake inakula siku mbili kwenda na mbili kurudi.

Pilipili Mbuzi

Nimerudi. Kwa nini nilipie mwongozaji kijijini wakati ramani iko kwenye simu?

Turubai la Njiro

Kwa nini mgeni haruhusiwi kupanda Kilimanjaro bila kiongozi? Jibu ni hilo hilo, na wewe ni mtu wa Moshi, unalijua.

Bi Mkubwa wa Majengo

Wanangu, naona wote mnakwepa Ramadhani. Mimi nilikwenda Pemba kwa wajukuu mwezi huo. Mchana ni kweli hutapata pa kula, na si adabu kutafuna njiani. Lakini usiku! Futari inaanzia kwenye uji na tende, muhogo wa nazi, samaki wa kupaka, maandazi, na mlango uko wazi kwa mgeni. Asiyefunga naye anakaribishwa, mradi mchana ajisitiri kidogo. Ukibaki mpaka Idd utaona watu walivyovaa. Na ukisikia kuna mchezo wa ng'ombe, Kengeja au kwingine, usikose. Ni mambo yaliyobaki tangu Wareno, ngoma inapigwa, vijana wanamchezea dume kwa kitambaa, na ng'ombe hauawi.

Dada wa Kiusa

Shikamoo bibi. Hapo kwenye muhogo wa nazi umenimaliza.

Bi Mkubwa wa Majengo

Marahaba mwanangu. Unapika mwenyewe au unasubiri waalikwa?

Mzee wa Kiboriloni

Asanteni sana wakuu, na shikamoo bibi. Nimemsomea mama watoto, hoja ya visiwa viwili ameiondoa mwenyewe alipofika kwenye foleni ya Mbagala. Mimi naegemea Chole, yeye karafuu zimemkaa kichwani. Mwezi ndio unatupa shida. Desemba bahari imetulia na mabasi ya kushuka Dar wiki ya Krismasi yana nafasi, maana watu wote wanapanda kuja huku. Lakini Mchaga kukosekana nyumbani Krismasi, kitimoto kinachomwa, ukoo unahesabiwa? Mama yangu atauliza nimefariki lini.

Turubai la Njiro

Januari katikati basi. Mapema mwezi huo mabasi ya kushuka yanajaa watu wanaorudi kazini, wakishapungua shukeni. Papa potwe bado wapo. Angalia wiki hiyo isiwe ya bamvua, kisha nicheki pembeni nikupe namba ya nahodha wa Utende.