John Kani: aliwezaje kuigiza enzi za ubaguzi, na nianze na kazi zipi?

Pazia_la_Nyuma

Wakuu, salaam. Naandaa makala fupi kuhusu John Kani wa Afrika Kusini. Wengi tunamjua kama mfalme T'Chaka wa filamu za Marvel na sauti ya Rafiki wa *The Lion King*, lakini kila ninapochimba naambiwa uzito wake uko jukwaani. Mtu mweusi aliwezaje kuishi kwa uigizaji kule miaka ya 1970? Zile tamthilia za watu wawili zilitungwaje? Na kwa mwenye jioni mbili tatu tu, aanze na nini?

Mswada_Mkononi

Swali lako la kwanza ndilo linalofungua mengine. Sheria ya pasi ilimtaka Mwafrika atembee na kitabu chenye saini ya mwajiri. Bila saini, mjini hukai. Na kwa mtu mweusi, uigizaji haukuhesabiwa kuwa ajira. Kwa hiyo Kani na mwenzake Winston Ntshona wakaandikishwa kama watumishi wa nyumbani wa Athol Fugard, mwandishi na mwongozaji wao. Kwenye karatasi ni watumishi, jioni wako jukwaani.

Usiipite haraka hoja hii, kwa sababu ndiyo *Sizwe Banzi Is Dead* (1972) yenyewe. Mtu ambaye pasi yake imemfukuza mjini anaokota pasi ya maiti. Picha zinabadilishwa kwenye vitabu viwili, jina lake linazikwa, yeye anapata kazi. Tamthilia nzima inasimama juu ya picha mbili za pasi.

Ukitaka chanzo cha sauti ya Kani, rudi New Brighton, Port Elizabeth, alikozaliwa. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha Ford kabla ya kujiunga na kundi la maigizo la Serpent Players mwaka 1965. Ndiyo maana Styles, mpiga picha wa kwenye tamthilia, anakielezea kiwanda kile kwa undani wa mtu aliyekanyaga sakafu yake.

Taa_ya_Pembeni

Kuhusu utunzi: hawakuanza na mswada. Sizwe Banzi ilianza na picha moja tu, ya mwanamume aliyevaa nguo zake za heshima, anatabasamu, sigara mkono mmoja na kiko mkono wa pili. Wakajiuliza: huyu ni nani, na anacheka nini? Waigizaji wakajaribu kwa mdomo na mwili, maandishi yakafuata baadaye. Hata tamthilia ilipokamilika, mwanzo wake ulibaki wazi: Styles anasoma gazeti, na mwigizaji anaweza kuchomeka habari za siku hiyo. Anayejaribu sehemu hiyo leo akaikariri kama shairi, ataiua. Gazeti liwe la leo.

*The Island* (1973), ya wafungwa wawili wa selo moja wanaojiandaa kuwaigizia wenzao *Antigone*, tamthilia ya kale ya Wagiriki, ilianza na blanketi. Walilitandaza sakafuni, wakalikunja nusu, kisha nusu tena, huku wakitafuta eneo dogo kabisa ambalo watu wawili wanaweza kusimama na bado wakaweza kusogea. Hapo wakapata selo. Kundi linaloanza linaweza kulifanya zoezi hili bila gharama yoyote.

Jukwaani vitu ni vichache: mikeka, blanketi, ndoo ya maji, vikombe viwili vya bati. Ufunguzi ni maigizo bubu marefu: kila mmoja anachimba mchanga, anajaza toroli, anakwenda kuumwaga pale mwenzake anapochimba. Shimo haliishi, lundo haliongezeki. Makosa ninayoyaona mara nyingi ni mawili: kuleta mchanga wa kweli, na kufupisha sehemu hii kwa kuogopa watazamaji watachoka. Wachoke! Bila uchovu ule, habari kwamba kifungo cha John (wahusika wanabeba majina ya waigizaji) kimepunguzwa, kwamba amebakiza miezi mitatu wakati Winston ana kifungo cha maisha, haichomi.

Mswada_Mkononi

Naongeza: kule Cape Town *The Island* ilifunguliwa kwa jina *Die Hodoshe Span*, kwa sababu kutaja kisiwa cha Robben, gereza la wafungwa wa kisiasa, kulikuwa hatari. Na kile kisa cha wafungwa kuigiza Antigone hakikutoka hewani. Mwanachama wa Serpent Players aliyefungwa kisiwani aliiigiza kwa wenzake gerezani, kwa ufupi. Mwaka 1975 Kani na Ntshona waligawana tuzo ya Tony, tuzo kuu ya maigizo ya Marekani, ya mwigizaji bora kwa tamthilia hizo mbili. Mwaka uliofuata walikamatwa Transkei, eneo walilotengewa Waxhosa wakati wa ubaguzi, baada ya kuigiza Sizwe Banzi. Panga mambo hayo mawili karibu karibu kwenye makala, usiyatenganishe kwa aya tatu.

Tahadhari moja. Ukumbi wa Market wa Johannesburg ulianzishwa na Barney Simon na Mannie Manim mwaka 1976. Kani ameubeba kwa miaka mingi, lakini usiwafute hao wawili.

Pazia_la_Nyuma

Asanteni sana. Na upande wa filamu? Ni kweli isiXhosa inayozungumzwa Wakanda, ufalme wa kubuni wa T'Chaka, ilitoka kwake?

Ulimi_Mwepesi

Kweli. Ndiyo lugha yake ya kuzaliwa, na ilianzia kwenye *Captain America: Civil War* (2016), pale T'Chaka anapozungumza na mwanawe kabla ya mlipuko wa Vienna. Sikiliza vidoko, zile sauti za kubofya ulimi. Herufi c: ncha ya ulimi nyuma ya meno ya mbele, halafu unanyonya. Herufi x: ubavu wa ulimi, kama anayehimiza farasi. Herufi q: ulimi juu kwenye kaakaa, unaachia ghafla kama kizibo cha chupa. Asiyeizoea husimama kidogo kabla ya kila kidoko. Kwa Kani kidoko kimo ndani ya neno.

Kwa jioni tatu: ya kwanza soma *The Island*, ni fupi. Ya pili tazama *Othello* ya Shakespeare, ile ya ukumbi wa Market ya 1987, iliyoongozwa na Janet Suzman. Ilitengenezwa kwa ajili ya ukumbi, kwa hiyo kamera ikisogea, mikono na sauti vinaweza kuonekana vikubwa kuliko skrini. Ya tatu *Nothing but the Truth*, tamthilia yake ya 2002 aliyoiongoza mwenyewe kama filamu mwaka 2008. Anacheza Sipho, mtumishi wa maktaba anayesubiri cheo na mwili wa ndugu yake. Kinachofika ni majivu. Ndugu wa Kani mwenyewe aliuawa na polisi mwaka 1985. Linganisha mikono yake hapo na ile ya Othello: hapa haifanyi karibu chochote.

*The Ghost and the Darkness* (1996), ya simba wa Tsavo, weka mwisho. Anacheza Samuel, na ingawa hadithi ni ya Kenya, ilipigwa Afrika Kusini.