Tamthiliya inafundishwa kwa desa (notisi za kukariri), mtoto hajawahi kusimama akaigiza hata mara moja!

Wakuu, leo nimewaka, mnivumilie.

Binti yangu yuko kidato cha tatu, shule ya kulipia. Nimefungua daftari lake la fasihi nikakuta Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, ile tamthiliya ya Edwin Semzaba kuhusu karani wa sensa anayeharibu kazi kwa sababu ya mapenzi, imechambuliwa kama orodha ya dukani. Dhamira, ujumbe, falsafa, msimamo. Mtindo: dayalojia. Nikamuuliza, Mazoea ni nani? "Mhusika bapa." Haya, karatasi za sensa zilichomwa moto kwa nini? Kimya. Kitabu chenyewe hajawahi kukishika. Wana desa lililotolewa fotokopi mpaka maandishi yamefifia, na hilo desa tumelilipia!

Tamthiliya imeandikwa ili ichezwe, jamani. Mtasema vifaa hakuna. Vifaa gani? Kalamu, makaratasi, kibuyu mtie maji, na mtoto mtundu wa kuigiza mlevi, ambaye sijaona darasa likamkosa. Watoto hawa hawa Agosti 2022 walimwona karani wa sensa na kishikwambi chake akiwahoji wazazi wao sebuleni. Mpe mmoja awe karani, mwingine mzee anayegoma kutaja idadi ya watoto wake, waachie dakika kumi. Uzembe kazini watauona kwa macho, na zile hoja tatu za mtihani zitakuja na mifano yake bila kukaririshwa.

Nikamfuata mwalimu wa taaluma. Akanijibu: "Mzee, darasa limejaa, silabasi haijaisha, maigizo ni ya mahafali." Mahafali! Kumbe siku ya mgeni rasmi wanaweza, tena wanachekesha mpaka watu wanatoka kutunza, ila siku ya somo hawawezi? Na hizi hadithi za mtaala wa kujenga ujuzi si tunazisikia tangu 2005?

Darasa kujaa ninakubali, mwalimu ana mzigo. Lakini si ndiyo unapata makundi mengi, kila kundi linabeba onyesho lake?

Kikao cha wazazi ni Jumamosi. Nataka kipindi kimoja kwa wiki kiwe cha kuigiza, na hela ya desa inunue vitabu. Walimu wa Kiswahili mliomo humu, aliyewahi kuigizisha darasa lililojaa aniambie aligawaje makundi na kelele alizimudu vipi, maana najua nitaambiwa haiwezekani.