FM Newala karibu na mpaka: kwa nini Msumbiji waulizwe, na nini kinafanya maombi ya masafa yakwame?

redio_newala

Habari za humu wakuu. Kuna redio ya jamii inaandaliwa Newala mjini. Mpango ulivyo: mtambo wa kilowati 1, mnara wa mita 60 karibu na ukingo wa mlima upande wa Shimo la Mungu, antena ya daipoli nne zilizopangwa wima, kebo ya inchi 7/8. Wasikilizaji tunaowalenga wako Newala yenyewe, Kitangari, Tandahimba, na ikiwezekana Masasi. Maombi yako TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi yetu, na jibu ni kwamba masafa tuliyopendekeza lazima kwanza yaratibiwe na Msumbiji.

Naomba wanaolijua jambo hili wanieleweshe. Kwa nini nchi jirani iulizwe kuhusu mnara ulio ndani ya Tanzania? Je, sisi wenyewe tunaweza kuwaandikia wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma ili mambo yaende haraka? Na kitu gani kwenye mpango wetu tukibadilishe ili ombi lipite bila kukosa wasikilizaji?

mawimbi_kusini

Karibu ndugu. Nianze na la katikati maana ni fupi: hapana, msiandike. Kwenye masuala ya masafa ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, inatambua serikali tu, na kwa upande wetu anayezungumza ni TCRA. Barua ya kituo kwenda kwa jirani haina nguvu yoyote hata ikijibiwa vizuri.

Kwa nini waulizwe? Bendi ya 87.5 hadi 108 MHz ilipangwa kituo kwa kituo katika mkutano wa Geneva wa 1984. Makubaliano yake huitwa GE84, na yanahusu Kanda ya 1 ya ITU, ambamo Afrika yote imo. Kila nchi ina orodha yake ya masafa kwenye mpango ule: mahali, nguvu, kimo cha antena, na upande gani imepunguzwa. Ukitaka kitu ambacho hakimo kwenye orodha, au kimo lakini unabadili mahali au nguvu, unabadilisha mpango, na Kifungu cha 4 kinadai kila nchi inayoweza kuguswa ikubali. ITU huchapisha ombi kwenye waraka wake unaotoka kila wiki mbili, Sehemu A. Kuanzia hapo nchi zilizotajwa zina siku 100. Asiyejibu hadi muda huo kuisha huhesabiwa amekubali. Likishakubaliwa linachapishwa tena Sehemu B na kuingia kwenye mpango.

Sasa mpango wako. Tatizo lako kubwa ni mahali mlipochagua kuweka mnara, na nitakuonyesha kwa hesabu.

Kilowati 1 ni nguvu ya mtambo. Mpango wa Geneva unataka nguvu inayotoka kwenye antena. Kilowati 1 ni 30 dBW, yaani desibeli (dB) 30 juu ya wati 1; kila dB 3 ni nguvu mara mbili. Mita 60 za kebo ya 7/8 kwenye FM hula kama dB 0.7, kigawanyio na konekta weka dB 0.5. Daipoli nne zinaongeza dB 6 hivi. 30 − 1.2 + 6 = 34.8 dBW, yaani karibu kilowati 3. Kama fomu yenu imeandika 1 mahali pa 3, rekebisheni leo, kwa sababu mtakachosajili ndicho mtakachoruhusiwa kurusha, na ndicho kitakachokingwa.

Ukali wa wimbi la kilowati 3 kwenye uwazi usio na kizuizi ni 106.9 (kilowati 1 kwenye kilomita 1) + 4.8 (nyongeza ya kufika kilowati 3) − 20 log ya umbali kwa kilomita. Kutoka Newala hadi Mueda, upande wa Msumbiji, ni kama kilomita 85 kwa mstari mnyoofu, na pande zote mbili ni nyanda za juu zenye bonde la Ruvuma katikati. Hakuna kilima cha kuzuia. Jibu ni dB 73 juu ya mikrovolti 1 kwa mita.

Linganisha na kinachoruhusiwa. Kituo cha stirio mashambani hukingwa kuanzia dB 54. Kama jirani ana kituo kwenye masafa yaleyale, wimbi lako la kudumu lisizidi 54 − 45 = 9; hiyo 45 ndiyo kinga, yaani dB ambazo wimbi lake lazima lizidi lako. Uko kwenye 73. Umezidi kwa dB 64, na hakuna antena itakayokuokoa hapo. Ukisogea 100 kHz kinga inashuka hadi 33, bado umezidi kwa 52. Ukisogea 200 kHz inakuwa 7, kikomo 47, umezidi kwa 26. Kwa 300 kHz ni −7, kikomo 61, umezidi kwa 12. Kwa 400 kHz ni −20, kikomo 74, unapita kwa kubanana.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni kuomba mtafutiwe masafa yaliyo mbali kwa 400 kHz au zaidi na kila kituo kilichosajiliwa upande wa Mueda. Msing'ang'anie namba mliyoipenda kwa sababu inatamkika vizuri hewani. Kumbukeni pia kwamba ITU na Umoja wa Mawasiliano wa Afrika, ATU, waliendesha mradi wa kuupanga upya mpango huu kwa Afrika ili kupata nafasi zaidi za FM. Ulizeni TCRA kama kuna nafasi ya eneo la Newala iliyotokana na kazi ile. Masafa ambayo tayari yako kwenye mpango hayaanzi safari upya, mradi mkae ndani ya vipimo vyake.

redio_newala

Shukrani sana mkuu, hesabu nimeirudia na imekubali. Ila upande wa kusini sisi hatuna msikilizaji tunayemlenga. Hatuwezi tu kupunguza huko?

mawimbi_kusini

Mnaweza na mnapaswa. Lakini tazameni kwanza ardhi ilivyo, maana ukingo wa Newala unafanya kinyume cha mnachotaka.

Kimo cha antena kinachotumika kwenye hesabu za kimataifa hakipimwi kutoka chini ya mnara. Unachukua wastani wa ardhi kati ya kilomita 3 na 15 mbele ya antena, kila nyuzi 10, pande 36. Tuseme mnara uko mita 650 juu ya bahari na katikati ya antena ni mita 50 juu ya ardhi. Kusini, bondeni, wastani ukiwa mita 250, kimo chako huko ni mita 450. Kaskazini juu ya mlima wastani ukiwa 600, kimo ni mita 100 tu. Kwa maana nyingine, mnara wa ukingoni unaihudumia Msumbiji vizuri kuliko Kitangari.

Daipoli zilizofungwa upande mmoja wa mnara hupunguza mgongoni kwa dB chache tu, na kiasi hicho hubadilika kulingana na upana wa mnara na masafa. Usijaze fomu kwa kubahatisha hapo. Tumieni paneli zenye kiakisi, moja ikitazama kaskazini magharibi kwa ajili ya Masasi, nyingine kaskazini mashariki kwa ajili ya Tandahimba. Nguvu ikigawanywa mara mbili kila upande unapoteza dB 3, lakini paneli yenyewe inarudisha sehemu nzuri ya hizo. Kusini mnaweza kupata upungufu wa dB 15 hivi, na hapo hata masafa yaliyo mbali kwa 300 kHz yanaanza kuwezekana: 73 − 15 = 58, chini ya kikomo cha 61.

Njia nyingine ni kurudi nyuma ya ukingo, mkishuka upande wa Kitangari hadi ukingo uwe juu kuliko antena. Mlima wenyewe unakuwa kinga, na kinga hiyo hailegei kama bolti.

fundi_wa_nyanda

Kwenye hilo la kurudi nyuma sikubaliani na mkuu hapo juu kwa kituo hiki. Masasi iko chini ya mlima upande wa magharibi. Ukingo uleule unaozuia Ruvuma utazuia na Masasi. Kama Masasi ni ndoto tu, rudini nyuma. Kama mnaitegemea kwa matangazo ya biashara, bakini juu na mlipe gharama ya paneli.

Niongeze yanayofanya fomu zirudishwe, maana uratibu mwingi haukwami kwa siasa, unakwama kwa karatasi.

La kwanza ni nukta za mahali. Ramani za zamani za 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960. GPS ya simu inatoa WGS84. Tofauti ni kama mita 300, zaidi kwa kaskazini na kusini. Kwingine mita 300 si kitu, lakini ukingoni mwa Newala zinaweza kukutoa juu ya mlima na kukuweka kwenye mteremko, kimo cha ardhi kikakosewa kwa mita nyingi, na pande zote 36 zikaharibika. Pimeni kwa GPS mkiwa mmesimama kwenye msingi wa mnara, andikeni nyuzi, dakika na sekunde, na mtaje WGS84.

La pili ni mchoro wa antena. Kiwandani wanapima paneli ikiwa peke yake. Ikifungwa kwenye mnara pamoja na nyingine mchoro hubadilika. Mwombeni muuzaji mchoro wa mfumo mzima, wenye upungufu kila nyuzi 10 kutoka kaskazini halisi. Dira inaonyesha kaskazini ya sumaku, na tofauti ya nyuzi kadhaa ikiingia hapo, upungufu mlioahidi kwa Mueda unaelekezwa pengine.

La tatu, kama mtapewa masafa ya juu ya bendi, karibu na 108 MHz. Kuanzia 108 ni bendi ya kuongozea ndege. Mitambo miwili ya FM kwenye mnara mmoja huzaa mawimbi ya tatu kwa kanuni ya mara mbili ya moja toa la pili. Mfano: 107.3 na 104.9 huzaa 109.7 MHz, ndani kabisa ya masafa yanayoongoza ndege zinapotua. Kama mnara mtashirikiana na redio nyingine, pigeni hesabu hiyo kwa kila jozi kabla ya kuomba, na chujio la kila mtambo liwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Na msilione zoezi hili kama fadhila kwa jirani. Kituo kisichosajiliwa hakina madai. Leo mkiruka uratibu mkarusha, kesho jirani akisajili kituo chake kwa utaratibu, ninyi ndio mtakaoambiwa mpishe. Mkiwa kwenye mpango, yeye ndiye atakayewauliza.

pwani_mikindani

Kwa wanaosoma uzi huu wakiwa Mtwara mjini, Lindi au Kilwa: hesabu ya uwazi aliyotoa mkuu inafaa pale wanapoonana, mlima kwa mlima. Huku pwani mambo ni tofauti, wimbi likipita juu ya bahari yenye joto hupinda na kufuata maji. Ndiyo maana mtu anasikia stesheni za mbali kusini jioni nzima, kisha siku nyingine kimya. Mwingiliano wa namna hiyo huhesabiwa kwa asilimia 1 ya muda, kwa kanuni ya ITU-R P.1546, yenye michoro ya pekee kwa bahari ya joto. Kwa masafa yaleyale kinga yake ni dB 37 badala ya 45, kwa kuwa hautokei kila wakati. Kituo cha Mtwara kinaweza kulazimika kuratibiwa na nchi ambayo mwenye kituo hakuifikiria kabisa, Komoro ikiwemo.

redio_newala

Nimeelewa vizuri sana. Tumeamua kubaki juu, paneli mbili, na kuomba masafa upya. La mwisho: kiungo cha kutoka studio hadi mnarani, kilomita 3, tunafikiria redio za 5 GHz za bei nafuu. Nazo zinahitaji kuratibiwa na Msumbiji?

fundi_wa_nyanda

Kwa nguvu ndogo na kilomita 3, hapana, ila thibitisheni na TCRA vipande vya bendi na nguvu inayoruhusiwa nje ya jengo. Angalieni mambo mawili. Vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani hufungwa kwenye mipangilio ya huko, tafuteni vinavyokubali kuchagua Tanzania. Pili, sehemu kubwa ya 5 GHz inashirikiana na rada, na kifaa lazima kisikilize sekunde 60 kabla ya kurusha, na dakika 10 kikiwa kati ya 5600 na 5650 MHz palipo na rada za hali ya hewa. Kikidhani kimesikia rada kinahama na hakirudi kwenye chaneli ile kwa dakika 30. Kwa kituo chenu, huo ni ukimya hewani. Epukeni chaneli 120 hadi 128, ambazo ndizo za kipande hicho cha rada za hali ya hewa, na kwenye kompyuta ya mnarani wekeni faili za muziki zinazoanza zenyewe kiungo kikikatika.

Katikati ya njia mnahitaji uwazi wa angalau mita 4 kuzunguka mstari wa kuonana. Mikorosho ikiwa njiani, pimeni kutoka vileleni, na mwongeze nafasi kwa ile ambayo bado inakua.