Mahakimu wasiosomea sheria Uingereza: wanaamuaje kesi ya jinai?

Mtaa wa Pili: Wakuu, mtu akishtakiwa England kwa wizi kazini anaanzia Magistrates' Court, na wanaoamua ni raia wasiolipwa mshahara. Ni kama wazee wa baraza wa mahakama zetu za mwanzo? Akiona ameonewa, rufaa inaenda wapi?

Kizimba: Hapana mkuu. Mzee wa baraza kwetu anakaa pembeni ya hakimu msomi. Kule raia hao ndio mahakimu wenyewe, kwa kawaida watatu. Wa katikati ni mwenyekiti, lakini kura yake ni moja tu. Wawili wakiona mtu ana hatia, imetosha, na haitangazwi nani alipinga. Balaa ni wakiketi wawili wakatofautiana: hakuna uamuzi, kesi inaanza upya mbele ya wengine.

Mbele yao anakaa mshauri wa sheria. Anawaeleza sheria, haamui hatia. Akiwapa ushauri faragha, lazima aurudie mahakamani ili mawakili waujibu. Ukikuta hakimu yuko peke yake, mara nyingi huyo ni District Judge, mwanasheria wa kulipwa.

Bint Saidi: Wizi unaweza kusikilizwa hapo au Crown Court, yaani mahakama ya juu yake. Kwanza anaulizwa kama anakiri. Akikiri mara hiyo ya kwanza, kwa kawaida adhabu inapungua theluthi moja. Akisubiri mpaka siku ya ushahidi, hubaki nafuu isiyozidi sehemu moja ya kumi. Akikana, mahakimu wanapima uzito wa kesi, kama inawafaa wao au Crown Court. Novemba 2024 kikomo chao cha adhabu kilirudishwa miezi 12 jela kwa kosa moja la namna hii. Mauaji na ubakaji hawasikilizi, wanayapeleka moja kwa moja Crown Court.

Kizimba: Rufaa ni Crown Court, ndani ya siku 15 za kazi tangu adhabu itolewe. Aliyekana kosa akatiwa hatiani haombi kibali, na ushahidi unasikilizwa upya mbele ya jaji, kwa kawaida na mahakimu wawili. Ila ajue adhabu inaweza kupanda pia.

Bint Saidi: Nyongeza: makosa madogo, mfano gari lisilo na bima, huamuliwa na hakimu mmoja kwa makaratasi tu. Mshtakiwa ana siku 21 za kujibu barua. Aliyehama hukutwa na hatia bila kujua; akigundua, ale kiapo rasmi ndani ya siku 21 kwamba hakuwa na habari, hukumu inafutwa na kesi inaanza upya.