"Hii ni risiti ya kuishi": afisa mikopo kamdhalilisha mama yangu leo

Mtoto_wa_Mtogole:
Wakuu, natoka benki sasa hivi na sitaki kutulizwa. Yule afisa mikopo mnamjua, yule anayejipulizia marashi mpaka mlinzi wa getini anakohoa. Mama kampelekea leseni ya makazi ya nyumba yetu ya Tandale, ile karatasi ya serikali ya kukaa kwa muda kwenye viwanja visivyopimwa, anataka mkopo wa cherehani mbili za kuongeza. Kaishika kwa ncha za vidole, kaigeuza nyuma na mbele, kisha mbele ya foleni nzima: "Mama, hii si hati. Hii ni risiti ya kuishi."

RISITI YA KUISHI! Kwa mama aliyenisomesha kwa chapati!

Sheria ya Ardhi ya 1999 inaitambua hiyo leseni. MKURABITA, ule mpango wa serikali wa kurasimisha mali, ulipoanza 2004 wanyonge tukaambiwa turasimishe mali zetu, tutakopesheka. Ukivuka tu hapo unaingia Sinza, viwanja vilipimwa tangu miaka ya 1970, wenzetu wanakopa. Sisi risiti!

Tena kauliza gari la tathmini litapita wapi. Ni kweli haliingii, hata jeneza kwetu linatolewa limeinamishwa. Ndiyo amwambie mama risiti ya kuishi? Watu wakacheka. Mama akairudisha kwenye bahasha ya kaki, akasema "asante mwanangu". Asante!

Kobe_wa_Kigogo:
Mkuu, haijaisha muda? Ile inahuishwa, si ya milele.

Mtoto_wa_Mtogole:
Haijaisha! Na ingeisha ndiyo atukanwe?

Dada_Mkavu:
Diamond katoka hapohapo Tandale, wewe unapigana na marashi 😂

Mtoto_wa_Mtogole:
Diamond ni mmoja! Mtaa mzima tuimbe?

Dada_Mkavu:
Kwa hasira hizo, wewe anza na taarabu.

Binti_Manzese:
Mkopo afadhali. Mimi kwenye usaili niliulizwa kama mvua ikinyesha nitafika kazini. Kazi kapewa mwingine. Siku hizi naandika nakaa kwa shangazi Sinza.

Kobe_wa_Kigogo:
Shangazi ana chumba? 😂

Mzee_wa_Bondeni:
Nyie angalau mna karatasi. Sisi mafuriko ya Desemba 2011 yalitutoa Jangwani, tukapelekwa Mabwepande, huko pembezoni mwa jiji. Kiwanja unacho, kibarua kiko Kariakoo, nauli inakula posho yote. Kuna waliorudi bondeni kwa sababu hiyo, halafu mnatuita wabishi.

Mtoto_wa_Mtogole:
Pole mzee wangu. Ila jamani turudi kwenye mada, risiti ya kuishi...

Binti_Manzese:
Na wenye nyumba wanaotaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo? Chumba kinavuja, choo watu kumi na nane!

Kobe_wa_Kigogo:
Mzee, Mabwepande viwanja bado vipo? Bei zikoje?

Mzee_wa_Bondeni:
Vipo, ila usipite kwa dalali. Njoo PM.