Dawa ya maumivu imeshusha uvimbe, siku ya tatu usaha. Inakuwaje?

Fundi_Tandika: Wakuu habari za jioni, gego lilianza kunivuta jumamosi, nikaenda duka la dawa nikapewa diklofenaki, kesho yake shavu limeshuka nikasema yameisha, nikarudi kazini, jumanne naamka shavu kama andazi na usaha unatoka. Sasa kama dawa iliondoa uvimbe hao bakteria walikuwa wapi? Au nilipigwa dawa feki?

kijana_wa_maabara: Sio feki mkuu, ilifanya kazi yake, ila kazi yake sio kuua bakteria. Iko hivi, bakteria akigusa kipokezi juu ya seli ya ulinzi, taarifa inapelekwa ndani na vimeng'enya vinaitwa kinasi, hivi vinabandika fosfeti (kipande kidogo cha kemikali) kwenye protini, moja inaamsha nyingine, kama konda anavyogonga bodi dereva anaondoa gari. Kuna protini inaitwa NF-kB, muda wote imekabwa nje ya kiini cha seli, kinasi ikimbandika fosfeti yule anayeikaba basi anavunjwavunjwa, NF-kB inazama kwenye kiini inawasha jeni za uvimbe. Mojawapo ni ya COX-2, kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini, ndo hizo zinaleta maumivu na homa. Diklofenaki inazuia hapo tu kwenye COX, huku mwishoni kabisa. Konda bado anagonga bodi, na bakteria wanazaana kwenye mzizi wa jino.

Binti_Temeke: Kumbe! Kwa hiyo uvimbe tuuache tu? Bibi yangu anasema jipu liache liive

kijana_wa_maabara: Inategemea dada. Uvimbe ndo unaofungua mishipa seli nyeupe zipite, ila ukizidi nao unaua. Kwenye korona mwaka 2020 huko Uingereza, deksamethasoni, dawa ya kushusha uvimbe, ilipunguza vifo kama theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, wale wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia. Na zile dawa za baridi yabisi zinazozuia kinasi za JAK, mfano tofasitinibu, lazima upimwe TB kwanza, maana TB iliyolala mwilini inaweza kuamka

Mzee_wa_Kigamboni: Mnasoma sana nyie. Fundi nenda kwa daktari wa meno LEO, langu lilishuka mpaka shingoni nikawa simezi hata mate

Fundi_Tandika: Nimetoka huko wakuu, limeng'olewa, usaha wake sisimulii, nimepewa na antibayotiki. Ganzi bado, nakunywa uji nusu unaishia kwenye shati

Binti_Temeke: 😂😂 pole kaka